Mwizi Hayumo, Chagua Tu

Juzi pale mpakani Petite Barrière mtafiti wa saikolojia aliwaonyesha wachuuzi video fupi ya mwizi wa kuigiza, kisha akawapa picha sita wamtambue. Mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alizitazama zote, akazirudisha.

"Haiko hapa."

"Bon, mama, chagua tu mwenye anafanana naye."

"Nimesema haiko!"

Mtafiti akaandika: ameshindwa.

Nilipombana, alikiri kwamba kweli picha ya mwizi hakuiweka, ila fomu yake haina nafasi ya "hayumo". Upuuzi gani huu! Wachuuzi wenzake waliochagua tu na kumsingizia mtu wamehesabiwa wamejibu, mkweli ndiye aliyefelishwa. Jaribio hili nalisifu kwa jambo moja tu: hakuna atakayefungwa.

Mama alijitwika beseni lake.

"Ndugu yangu walimufunga hivi hivi," akasema. "Mutu aliambiwa achague tu."