Somo la Kukuna Nazi Huko Likoni

Heri niwaambie mwenyewe kabla wanafunzi wangu hawajanitangaza. Juzi niliwapeleka watoto kumi na wawili wa darasa la nne kwenye nyumba ndogo ya makumbusho huko Likoni, ambako nilisikia mgeni anaruhusiwa kushika kila kitu. Nikabisha hodi. Bibi mmoja akaitikia, "Karibuni, karibuni wanangu!" Tukajazana jikoni.

"Guseni, msiogope!" nikawahimiza. Wakapokezana mbuzi ya kukunia nazi, wakachekecha unga, mmoja akajitanda leso ya bibi. Nami, mtu wa bara nijifanyaye mjuaji, nikatoa somo: "Tazameni, hata bibi huyu wamemvalisha kama watu wa kale!"

Bibi akatabasamu, akatuletea maji ya kunywa. Hakutuuliza lolote, kwao mgeni haulizwi shida yake kabla hajapumzika.

Baada ya saa nzima nikamuuliza kwa adabu, "Bibi, hapa mnafunga saa ngapi?"

"Nifunge nini, mwanangu? Hapa ni kwangu. Makumbusho ni nyumba ya pili. Lakini hizo nazi zimalizeni kwanza, wakwe zangu waja mchana."