Damu ya Chuma

Walimwita Chuma, maana miaka yote aliyokaa akishona na kujaza makochi kwenye kibanda chake cha kando ya barabara, hakuna aliyewahi kumsikia hata akikohoa. Saratani ilimchukua mama yake mapema, ikaja kumchukua na dada yake. Yeye hata mafua yalimpitia mbali.

Kisha binti yake mkubwa akaanza kulalamikia goti. Wakamkanda, wakampa dawa za maumivu, uvimbe ukazidi. Hospitalini wakapima, wakasema ni saratani ya mfupa. Daktari alipoulizia habari za ukoo na kusikia majibu, aliomba damu ya Chuma na ya mabinti zake wote wawili.

Majibu yalipotoka, alimketisha Chuma peke yake.

"Mzee, kila siku DNA iliyo ndani ya seli zetu hupata majeraha. Kuna jeni ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyojeruhiwa, isijigawe kwanza, ipate kujitengeneza. Ikishindikana, jeni hiyohiyo huiamuru ife. Kila mtu ana nakala mbili, ya mama na ya baba. Binti yako alizaliwa na moja mbovu. Ya pili ikaja kuharibika ndani ya seli ya mfupa, na seli hiyo ikakosa wa kuizuia."

"Hiyo mbovu ameitoa wapi?"

"Kwako."

Chuma alitazama vidole vyake vilivyojaa alama za sindano. "Mbona mimi mzima?"

"Ni bahati tu. Nawe itabidi tuwe tunakuchunguza."

"Basi mchomeni kwa mionzi, Daktari. Hata dada yangu alichomwa."

"Mionzi inaua kwa kuijeruhi DNA. Kwa watu wenye damu kama yenu, hata seli nzima zikijeruhiwa zinaweza kuzaa saratani nyingine. Tutampa dawa, na mguu tutaukata."

Uvimbe wa pili wa dada yake uliota palepale alipochomwa. Chuma alitaka kuuliza kama ni mionzi iliyouleta. Akauliza jingine.

"Na mdogo?"

Daktari aligeuza karatasi ya majibu. "Naye anayo."

Wodini, binti mkubwa alimsoma usoni kabla hajakaa.

"Wanakata?"

"Wanakata, mama."

"Na mdogo wangu je?"

Chuma akafungua mdomo, yakatoka machozi. Msichana akageukia ukutani.

"Usimwambie leo, Baba. Kesho ana mtihani."

Mguu ulikatwa. Miezi michache baadaye doa likaonekana kwenye mapafu, na daktari akaacha kutaja kupona.

Siku hizi, kila asubuhi, Chuma humpapasa yule mdogo magoti, mabega na shingo, akijifanya anamnyooshea sare ya shule. Mtoto anajua. Husimama tu, mikono ameitanua, akimsubiri baba yake amalize.