Wanga wa Muhogo Uliosimamisha Tutu Kumi na Mbili

Saa moja kasoro asubuhi, Prudence ameshavua koti lake zito la baridi na ana pini tatu mdomoni. Usimsemeshe kwanza. Mbele yake mezani kuna sketi nyeupe iliyogeuzwa chini juu, naye anaziunganisha tabaka zake za neti kwa mishono milegevu, ili zisigandane wala zisiachane. Tabaka ni kumi na moja. Akikosea moja, anafumua zote.

"Watu wanaona msichana anazunguka kama pia," anasema akishatoa pini. "Mimi naona mishono."

Tutu ni ile sketi fupi inayotanda kiunoni kama sahani, vazi la wanawake wanaocheza baleti kwa ncha za vidole vya miguu. Karakana hii iko Parkdale, magharibi mwa Toronto, juu ya duka la mazulia. Kutoka Scarborough anakoishi, Prudence hupanda basi, treni ya chini ya ardhi, kisha tramu. Ni safari ya saa moja na dakika arobaini, kwenda tu, na halalamiki hata kidogo.

Alikuwa fundi wa nguo Uvira, mashariki mwa Kongo, mwenye vyerehani vitatu na wateja waliopanga foleni kila Krismasi. Vita vikamtoa. Alipofika Canada mwaka 2006 na binti yake Inès, kazi aliyoipata ilikuwa kufungasha kuku kiwandani Brampton, dola tisa kwa saa, mikono kwenye baridi kutwa.

"Miaka mitatu sikugusa cherehani," anasema. "Nililia, dada yangu, si utani. Vidole vilikufa ganzi, nikasema basi, ufundi wangu umekwisha."

Mwaka 2009 akasikia kanisani kwamba kuna mama wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, anatafuta mshonaji. Mama huyo ni Nurjehan, Mwismaili aliyehamia Toronto akiwa msichana, na ndiye mwenye karakana. Kiswahili chake bado ni cha Tanga hasa, na ulimi wake hauna breki.

"Alikuja mikono imepasuka," Nurjehan anakumbuka. "Nikamwambia, mama, hapa hatushoni magauni ya harusi. Akanijibu, 'Nipe kitambaa, usinipe maneno.' Haa! Nikampenda hapo hapo."

Lakini kupendwa si kuajiriwa. Wiki ileile kikundi kimoja cha baleti kilileta tutu kumi na mbili za zamani, za neti ya pamba, zilizolegea hadi zikaning'inia mapajani. Onyesho lilikuwa baada ya siku tisa. Zisiposimama, zingetupwa. Nurjehan akamkabidhi Prudence zote: akiweza, kazi ni yake, akishindwa, arudi kiwandani.

Prudence hakuona ugumu. Kwao, shati la kwaya hutiwa amido, yaani wanga, likakaa kakamavu ibada nzima. Nurjehan naye anasema hata Ulaya ya zamani mambo yalikuwa hayo hayo. Karne ya kumi na tisa sketi za baleti zilishuka hadi chini ya goti, za kitambaa chepesi kilichotiwa wanga. Wachezaji walipozidi kuruka na kuzunguka, watu wakataka kuiona miguu inafanya nini, na sketi ikapandishwa kidogo kidogo mpaka ikatanda kiunoni.

"Uzuri wake ndio huo," anasema Nurjehan. "Inapamba, lakini haizibi kazi."

Basi Prudence akaenda jikoni kwake, akachukua kilichokuwepo: unga wa muhogo wa fufu, ugali wa kwao. Akaupika mwepesi, akauchuja, akautia kwenye tutu ya kwanza. Ikakauka, ikasimama barabara. Akapiga magoti kumshukuru Mungu.

Alishukuru mapema. Unga ule ni wa muhogo uliovundikwa, na mchezaji alipoivaa kwa majaribio, mwili ukapata joto, jasho likatoka, wee! Chumba kizima kikanuka. Msichana akashika pua, akakimbilia mlangoni.

"Prudence! Umeweka nini humu?" Nurjehan alimaka.

"Fufu, mama."

"Fufu? Unataka kumpika mtoto wa watu?"

Prudence anacheka sasa. Siku ile hakucheka. Zilikuwa zimebaki siku sita. Nurjehan akaendelea kufoka: "Kwetu Tanga muhogo tulichoma, tukapaka pilipili na ndimu, na haukunuka hivi hata siku moja!"

Hapo Prudence akashtuka. Kumbe tatizo halikuwa muhogo, lilikuwa kule kuvundikwa.

"Nilitaka kumkumbatia," anasema. "Ananigombeza, na huku ananipa dawa!"

Jumamosi hiyo yeye na Inès walinunua kilo ishirini za muhogo mbichi. Wakamenya, wakakuna, wakakamua, wakayaacha maji yatulie mpaka wanga ukashuka chini, mweupe, usio na harufu. Inès, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alinung'unika kwa Kiingereza na mama akamjibu kwa Kiswahili, lakini mikono ya mtoto haikusimama. Tutu zikafuliwa, zikatiwa wanga, zikaanikwa chini juu nyumba nzima, hadi bafuni. Siku tatu walioga kwa jirani.

Siku ya onyesho zilisimama zote kumi na mbili. Wachezaji waliporuka, zilitikisika pamoja, zikatua pamoja, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nyuma ya pazia Nurjehan alifuta machozi, akasingizia vumbi. Kesho yake Prudence akatia saini mkataba.

Leo, mwaka 2014, ndiye mshonaji mkuu. Anapata zaidi ya mara mbili ya mshahara wa kiwandani, na tutu zilizochoka hufungwa kwenye maboksi kutoka Ottawa na Montreal zije kwake. Vipimo vya wanga hamwambii mtu. "Waje na muhogo wao kwanza," anatania.

Desemba hii, tutu ya kwanza aliyoikata na kuishona mwenyewe tangu mwanzo itapanda jukwaani, kiunoni mwa mchezaji mkuu. Desturi ya kazi hii ni mshonaji kukaa nyuma ya pazia na sindano mkononi, akingoja kitakachofumuka. Safari hii amekataa. Amenunua tiketi mbili, safu ya tatu.

"Miaka mitano naona migongo tu," anasema Prudence. "Nimeshamwambia Mama Nurjehan: uzi ukikatika, ashone yeye. Mimi nitakuwa nimekaa mbele na mwanangu, nimevaa kitenge, napiga makofi."