Kumbikumbi wa Shangazi

Dada yangu alikuja kijijini Sikuda kutafuta kumbikumbi. Chuoni kwao walikuwa wakisoma jeni zote za kila aina ya kumbikumbi na kuzilinganisha, ili wachore mti wa ukoo unaoonyesha nani ni ndugu wa karibu wa nani. Ilibaki aina moja tu, na akaipata kwenye kichuguu cha shangazi yetu. Aliwaacha bakulini jikoni, akaenda kuchukua spiriti ya kuwahifadhia. Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni.

"Shangazi, umewakaanga?"

"Na chumvi. Nani huacha kumbikumbi jikoni wakae tu?"

Dada alikaribia kulia, maana kesho yake alikuwa anasafiri. Shangazi akafuta mikono, akaketi kando ya kichuguu na kupigapiga ubao kwa vijiti viwili, taratibu, kama mvua inayoanza. Jua lilikuwa kali. Kumbikumbi wakadanganyika, wakatoka na mbawa zao.

"Chukua haraka, kabla njaa haijanirudia."

Miezi kadhaa baadaye dada alimwonyesha ule mti kwenye simu. Shangazi aliutazama kwa makini.

"Wale niliowala wako wapi?"

Dada akagusa tawi moja dogo.

"Aa, mwanangu. Ukoo mtamu sana huo."