Jogoo Niliyemtunzia Mama Goreti

Jamani, mimi bwana mifugo wa Simbo nimeaibika. Nilikuwa nikimpapasa mgongo jogoo mweupe wa mradi mpaka anitolee mbegu, kisha nazipandikiza kwa kibomba kwa mitetea niliowafungia bandani kwangu, ili jogoo mwingine asiwasogelee.

Siku hizo Mama Goreti, mkimbizi kutoka Burundi, akipelekwa kambini, aliniomba nimtunzie jogoo wake, kishingo asiye na unyoya shingoni. Mgeni hafukuzwi. Nikamweka humo humo bandani, kicheche asije akamla. Kwa elimu yangu, jogoo ambaye sijampapasa hakuwa na mbegu.

Mayai yalipoanguliwa nikamwita mkubwa wangu kutoka Kigoma mjini, pamoja na majirani. Nikahutubu kwanza, tena kwa kirefu, juu ya kazi ya mikono yangu. Ndipo nikafungua banda. Vifaranga wakatoka, shingo tupu wote.

Mkubwa wangu akamtazama jogoo mweupe, kisha akanitazama mimi. Mama Goreti, aliyekuja kumchukua jogoo wake, akanipa mikono miwili.

"Urakoze, Bwana Mifugo, asante sana. Nilikuachia umtunze tu, kumbe umemwoza!"