Mwenye Mimba Aonje Kwanza

Lira-lira inapoanza kutoka kwenye bomba hainuki pombe. Inanuka gundi, rangi ya kucha, na kitu kilichoanza kuoza. Nimefanya kazi machinjioni, nimezibua vyoo Ntinda, nimelala kwenye ghala la ngozi mbichi, na bado harufu ile ndiyo inayonirudia nikiwa na njaa.

Ni ile pombe kali ya kienyeji ambayo Wakenya wanaiita chang'aa na Watanzania gongo. Niliichotea maji kwa miezi kadhaa, kwenye kinamasi cha chini ya Bugolobi, nyuma ya viwanda, kwa mwanamke mmoja wa kaskazini aliyeolewa na askari polisi. Nilimwita dada. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sijatulia mahali, lakini popote ninapolala hutaka kujua kitu cha pale kinatengenezwaje. Pale nilijifunza jinsi sukari guru inavyochachuka ndani ya pipa, jinsi mvuke unavyopita kwenye bomba la shaba lililozamishwa katika maji baridi, na kwa nini ile inayotoka mwanzo kabisa humwagwa: inapofusha macho.

Nilijifunza pia desturi ya kuonja. Mitaa mingine watu walikuwa wamekufa kwa pombe iliyochanganywa na dawa za viwandani, kwa hiyo hakuna mnywaji aliyepokea toti yake, kile kikombe kidogo cha kipimo, mpaka muuzaji anywe kwanza, mbele ya macho yake, na ameze. Haikuwa mara moja kwa siku. Ilikuwa kila mnywaji, kila toti. Dada alijimiminia kwenye kifuniko cha chupa ya soda, akatupa kooni, akafungua mdomo kuonyesha kwamba hakubakiza kitu, kama mgonjwa anayesimamiwa ameze dawa. Ndipo mnywaji aliponyoosha mkono.

Na dada alikuwa na mimba. Ilikuwa imeanza kuonekana nilipofika. Kadiri tumbo lilivyokua ndivyo wateja walivyoongezeka, na mimi, ninayejisifu kwa kuchunguza mambo, sikujiuliza kwa nini.

Mumewe alikuwa mlokole. Hakugusa pombe. Alizunguka nyuma ya nyumba ili jivu la moto wetu lisishike viatu vyake vilivyong'arishwa. Jioni alifumba macho na kuombea kwa sauti kubwa chakula kilichonunuliwa kwa lira-lira, kisha akala chote.

Kwenye kliniki ya wajawazito, waliofika na waume zao waliingia kwanza. Mumewe alisema yuko zamu, basi dada akanivalisha shati safi la mumewe, nikawa mume wa asubuhi ile. Mama mmoja kwenye benchi alinikagua mpaka kwenye ndala.

"Bwana gani huyu, ananuka moshi?"

"Ndiye niliyepewa, mama," dada akasema. "Nimrudishe wapi?"

Benchi zima likacheka.

Ndani, musawo, kama wanavyomwita hapa kila mhudumu wa afya, alikuwa mkunga mwenye sauti ya uchovu. Akauliza bila kuinua kichwa.

"Unakunywa pombe?"

"Hapana."

"Sigara? Majani ya mairungi?"

"Hapana, musawo."

Nilimgeukia dada. Hakuwa anadanganya. Kwake kunywa kulikuwa kukaa kwenye benchi, kuimba, kugombana na kuanguka mtaroni. Kuonja kulikuwa kazi, kama mpishi anavyoonja chumvi.

"Lakini anaonja," nikasema.

Mkunga akaweka kalamu chini. "Anaonja nini, bwana?"

Dada alinikanyaga kidole cha mguu, kisha akaeleza mwenyewe. "Kifuniko tu, musawo. Ni kazi."

"Mtoto anajua kama ni kazi? Ukimeza wewe, inaingia kwenye damu, inapita kwa kitovu, naye anakunywa. Wewe una ini la mtu mzima. La kwake bado linatengenezwa, na ubongo pia. Anaweza kutoka kabla ya wakati. Anaweza kufia humo ndani. Anaweza kuzaliwa mzuri kabisa, halafu shuleni asishike kitu, na hakuna dawa ya kumrekebisha. Sina kiasi ninachoweza kukuambia hiki ni salama. Hata hicho kifuniko."

"Na ile nimekwisha kuonja?"

"Hiyo huwezi kuirudisha. Acha leo, kuacha leo kutamsaidia. Lakini mikono ikianza kutetemeka, au jasho likikutoka ovyo, usijifiche nyumbani. Rudi hapa siku hiyo hiyo." Akanigeukia. "Na wewe, baba mtoto, unakaa unaangalia tu?"

Njiani dada alikuwa amekasirika. "Anaongea kama mimi nalala mtaroni. Kifuniko!"

Kesho yake nilichukua chupa tupu ya soda nikaificha nyuma ya kuni. Kila alipotupa kifuniko kooni, nilimimina ndani yake kifuniko kimoja cha maji. Sikutaka kumfundisha mtu. Nilitaka kujua tu. Jioni maji yalikuwa yamefika shingoni mwa chupa.

"Hii nini?" akauliza nilipompa.

"Ndiyo uliyoonja leo."

Aliishika, akaipima mkononi, akaiegemeza kwenye tumbo lake. Kisha akaenda nyuma ya pipa akatapika, na matapishi yenyewe yalinuka gundi.

Asubuhi iliyofuata alikataa kuonja. Wa kwanza kukataliwa alikuwa Mkongo mmoja aliyeuza vitenge Nakivubo.

"Mama, onja kwanza, njo nikunywe."

"Sionji tena. Huyu ataonja."

Nikachukua kifuniko, nikameza, nikafungua mdomo. Mkongo akapiga mapaja yake kwa kicheko.

"Huyu? Huyu anakunywa hata maji ya betri!"

Pembeni yake alikaa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, masharubu yake yamelowa kila saa, ananyonya ncha zake ili asipoteze tone. Yeye hakucheka.

"Mama, usitufanye watoto. Sisi tunapita wauzaji wengine kuja hapa. Unajua kwa nini? Ni hiyo tumbo. Mwanamke mwenye mimba hawezi kuua mtoto yake kwa sababu ya shilingi zetu. Wewe ukimeza, tunajua iko safi."

Aliisema kama sifa. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja akaliashiria tumbo kwa kidevu, jinsi mtu anavyoonyesha muhuri kwenye gunia. Nimeona funza kwenye nyama niliyokwisha kuila nusu, wala sikusikia kinyaa kama kile. Mtoto hajazaliwa, hana hata jina, nao walikuwa wamekwisha kumpa kazi ya kuwaonjea sumu.

Walipoanza kuinuka waondoke, dada alichukua toti akaingia nayo ndani. Mumewe alikuwa anakula posho, ugali wa huku, na maharage kabla ya zamu. Nilisimama mlangoni.

"Afande, onja wewe. Wanataka mtu wa nyumba."

"Mimi nimeokoka. Unajua."

"Mtoto ni wako."

"Najua ni wangu." Alikuwa anatafuna bado. "Kwa hiyo onja kidogo, mama. Kidogo tu. Imebaki muda mfupi, utazaa, utaacha. Mungu anaona kwamba ni kazi."

Dada akaimwaga toti nzima juu ya maharage yake.

"Basi kula. Si ni kazi?"

Mvuke ukapanda na harufu ile. Askari aliangalia sahani, akaangalia mkono wa shati lake kuona kama umerukiwa, kisha akaniambia nimletee sahani nyingine. Sikumletea. Alisubiri kidogo, akaondoka na njaa yake.

Siku hiyo hiyo dada aling'oa bomba la shaba. Siku zilizofuata mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kufunga kanga, nami nikavaa shati la mumewe tena tukarudi kwenye benchi lile. Walimlaza mpaka hali ile ikapita. Alipotoka alianza kukaanga muhogo na kuwauzia wafanyakazi wa viwandani.

Alizaa msichana. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko mtoto wa kitanda cha jirani, lakini alinyonya na kulia. Mkunga alisema tu, "Tutamtazama anavyokua." Tangu hapo kila asubuhi dada alipitisha kidole mbele ya macho ya mtoto, kulia na kushoto, kuona kama macho yanafuata. Yalifuata. Kesho yake alipitisha tena.

Wanywaji hawakwenda mbali. Walivuka mtaro tu. Muuzaji wa upande ule alikuwa mjanja kuliko sisi sote: alikuwa na mkwe, msichana mwenye mimba changa, akamtoa jikoni na kumkalisha kwenye kigoda kando ya dumu. Nilimwona nikienda kuchota maji. Anameza, anafungua mdomo, anafuta machozi ya ukali, anamimina nyingine.

Nilirudi nikamwambia dada. Alimaliza kugeuza muhogo uliokuwa kwenye mafuta, akautoa, akazima moto. Akamfunga mtoto mgongoni. Ile chupa ya soda alikuwa ameihifadhi na kifuniko chake.

"Lete maji," akaniambia.

Mzee wa masharubu alitupokea kwa furaha. "Mama! Umerudi kwetu!"

Dada aliketi chini karibu na kigoda cha msichana, akaweka chupa kati ya miguu yake. Msichana akameza. Dada akamimina kifuniko cha maji. Msichana akameza tena, akamimina tena.

"Unamroga mkwe wangu?" mama mkwe akafoka.

"Ni maji, jirani. Onja ukitaka."

Mkongo alicheka mwanzoni, kisha akaacha. Wakaendelea kupokea toti zao, lakini macho yote yalikuwa kwenye chupa. Maji yalipanda polepole, na mtoto mgongoni mwa dada akaamka akaanza kutafuta ziwa. Msichana alisimamisha kifuniko karibu na midomo yake. Hakukimeza. Aliinama kuitazama chupa.

"Hiyo yote ni yangu?"

"Yako na yake," dada akasema. "Na bado ni asubuhi."