Ungekuwepo Ningekusikia

Mume wangu alikuwa na koo la kutikisa bati. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Waulizeni wa pale mahakamani, waliomwita Kipaza kwa miaka ishirini na mbili, mpaka na mimi nikawa Mama Kipaza, na kwenye kadi ya kliniki nikaandikwa hivyohivyo.

Kazi yake ilikuwa kuita kesi. Asubuhi karani anampa orodha, anasimama mlangoni pa chumba namba mbili, anaita jina mara tatu. Ukiitika, unaingia. Usipoitika, na wakili wako hayupo, hakimu anaandika kwamba hukufika na shauri linafutwa. Korido ya pale ni ndefu, watu wamebanana kwenye mabenchi, watoto wanalia, kila mtu anamweleza jirani yake jinsi alivyodhulumiwa. Lakini Kipaza akiita, hata waliovuka barabara kunywa chai waliweka vikombe chini.

Alikuwa na kanuni mbili, na alizishika kama amezaliwa nazo. Ya kwanza, asiinue macho kwenye orodha. Alisema ukiwatazama watu usoni watakuomba kwa macho, na yeye hakuwa hakimu. Ya pili, kila mtu aitike mwenyewe. Hiyo aliipata baada ya dada mmoja kumwitikia kaka yake ambaye hata mjini hakuwepo, hakimu akamkaripia Kipaza mbele za watu. Tangu siku hiyo hakuna wa kumsemea mwenziwe, awe mke, awe mama mzazi.

Jioni moja alirudi nyumbani na kichekesho. Mzee mmoja wa kesi ya kiwanja aliitwa mara tatu, kimya, shauri likafutwa. Baadaye akaja analalamika kwamba alikuwa amesimama pale dirishani na aliitika. Kipaza akamjibu, "Mzee wangu, ungekuwepo ningekusikia." Tulicheka. Ikawa kauli ya nyumbani. Mtoto akiitwa kuosha vyombo, akajidai aliitika toka uani, sote tunamwambia ungekuwepo ningekusikia. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe.

Pumu ilimpata humohumo kazini, kwa vumbi la majalada. Usiku anakaa kitandani anavuta pumzi kama anavuta gunia. Daktari wa kliniki akampa dawa ya kuvuta, kikopo cha kahawia, mivuto miwili asubuhi na miwili jioni. Kifua kilifunguka, siwezi kusema uongo. Tulimshukuru daktari, tukamshukuru na aliyekitengeneza kikopo.

Mwaka wa nne sauti ikaanza kupauka. Kwanza tulidhani mafua. Daktari akadhani ni kifua tena, akaongeza mivuto. Kipaza akawa anaita jina la kwanza vizuri, la pili linakatika. Ulimi ukatoka utando mweupe, tukausugua kwa chumvi tukisema utapona. Siku moja mdaiwa mmoja akauliza kwa sauti kama huyu mzee ameajiriwa kunong'ona, korido nzima ikacheka. Mwezi huo wakampeleka stoo ya majalada, kwenye lile vumbi lenyewe, na baada ya mwaka wakamstaafisha. Kabla ya kuhama alimfundisha mrithi wake, mama mmoja wa makamo kutoka masijala, wiki mbili nzima. Hakumficha kitu.

Tulipofika kwa daktari wa koo, hospitali kubwa, alimwingiza mpira wenye taa, akachungulia, akauliza swali moja tu. Baada ya kuvuta dawa, huwa unasukutua kinywa kwa maji? Tukatazamana. Maji! Bomba liko hatua tatu toka kitandani. Dawa ilikuwa inabaki kooni kila siku, miaka yote hiyo, mpaka nyuzi za sauti zikaota kovu. Daktari alisema upo upasuaji unaoweza kurudisha nusu ya sauti, lakini haufanyiki hapa, na kovu likishakomaa hata hiyo nusu hatutaipata. Akatupa miaka miwili, mingi mitatu. Kwa pensheni ile, hata nauli ya kwenda huko hatukuwa nayo.

Sasa sikilizeni nilichokikuta nyumbani. Vibanio vyangu vya nywele naviweka ndani ya kiboksi cha dawa cha marehemu dada yangu, aliyekuwa na pumu kabla Kipaza hajakohoa hata mara moja. Nakifungua kila asubuhi. Siku hiyo nikakisoma. Dawa ileile, kampuni ileile iliyoiingiza nchini, na ubavuni maandishi meusi: sukutua kinywa kila baada ya kuvuta, sauti ikibadilika, mwone daktari haraka. Nikachukua kiboksi cha Kipaza. Hiki ni kidogo zaidi, kizuri, na pale palipokuwa na maandishi wameweka picha ya mtoto anakimbia majanini. Karatasi ya ndani nayo haikusema kitu. Nilikuwa najua kusoma, na maneno hayo nilikuwa nayashika mkononi kila asubuhi nikitafuta vibanio.

Ndipo tukaenda kwa wakili, kijana mpole mwenye kesi nyingi kuliko vifungo vya koti lake. Alipoviweka viboksi viwili kando kwa kando akasema hii kesi ipo. Tukaidai kampuni fidia ya kumpeleka mtu wetu akapasuliwe. Kipaza hakutaka zaidi, ila aliomba wakili aandike pia kwamba yale maandishi yarudishwe kwenye boksi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tarehe ya kwanza hakimu yuko likizo. Ya pili jalada halionekani. Ya tatu wakili wa kampuni anaumwa jino. Ya nne jalada limeonekana, hakimu amehamishwa. Nisizitaje zote, zilikuwa tisa, na kila moja tuliamka alfajiri, nikapiga pasi lile shati moja, tukakaa benchi lilelile ambalo zamani yeye akiita, watu waliinuka. Wenzake wa zamani walikuwa wanampungia mkono. Baadaye wakazoea, wakaacha.

Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Simu naongea mimi, dukani mimi, hata kumgombeza mwanetu ananong'ona halafu mimi napaza. Nilichoka. Kuna siku nilimwambia aseme mwenyewe, mimi si redio, akanitazama tu na nikajutia saa hiyohiyo. Lakini kuchoka kulibaki palepale.

Tarehe ya kumi ndiyo iliyokuwa yenyewe. Hakimu yupo, jalada lipo, daktari wa koo amekubali kuja kutoa ushahidi saa tano. Miaka miwili ilikuwa imekwisha, tumebakiwa na miezi sita ya ule wa tatu. Saa mbili na nusu wakili akanipigia. Yuko mahakama ya juu, anakuja, tusiwe na wasiwasi, sisi ni namba saba. Ila hakimu huyu mpya anataka nakala za viboksi, pande zote, tatu tatu. Nikamwachia Kipaza begi, nikavuka barabara kwenda kutoa nakala. Ilikuwa namba mbili ndiyo imeingia.

Pale dukani foleni. Nilipofikiwa, umeme ukakatika. Mwenye mashine akasema unarudi sasa hivi, na ukarudi kweli, baada ya dakika ishirini. Nilivuka barabara mbio na makaratasi yangali ya moto.

Nilimkuta mume wangu amesimama katikati ya korido, mkono juu kama mwanafunzi, mdomo wazi. Mlango wa chumba namba mbili umefungwa. Wakili wa kampuni alikuwa anatoka na mkoba wake. Alimpita Kipaza karibu kiasi cha kumgusa bega, macho ameyaelekeza mbele.

Dada mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye, ana mtoto mgongoni, ndiye aliyenieleza. Namba tatu mpaka sita zilikuwa za mdaiwa mmoja, zikaahirishwa zote kwa mkupuo. Likaitwa jina la mzee. Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. La pili, vilevile, akaanza kujisukuma kwenda mbele, watu wakamwambia apange foleni kama wenzake. La tatu akanyoosha mkono. "Samahani mama," yule dada akaniambia, "nilidhani anapiga mwayo."

Nikaenda mlangoni. Yule mama wa masijala alikuwa anakata mstari kwenye orodha. Nikamwambia huyo uliyemwita namba saba yupo, alikuwepo, ameitika mara zote tatu. Hakuinua macho. Alifundishwa.

"Mama, angekuwepo ningemsikia."

Sikuondoka. Labda ni kule kusimama kwangu kulikomfanya anitazame. Akanitambua, halafu akatazama nyuma yangu, akauona ule mkono, ambao Kipaza alikuwa bado hajaushusha. Orodha ikateremka mpaka magotini. Aliingia kwa hakimu mbio, tukamsikia anaeleza, na hakimu akimjibu kwamba ameshatia sahihi, walete maombi ya kurejesha shauri. Alipotoka alikuwa analia na kusema mzee wangu nisamehe. Kipaza akampigapiga begani.

Nami nilikuwa na maneno mdomoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikamtazama mume wangu katika lile shati nililolipiga pasi mara kumi, nikayameza.

Wakili alikuja jasho linamtiririka, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma, na hasira yangu ikakosa pa kushika. Tukaenda masijala. Karani akapekua kitabu, akasema maombi yatasikilizwa baada ya miezi saba. Kipaza alihesabu kwa vidole. Alipofika cha sita akasimama, akakiangalia cha saba, kisha akaufumba mkono. Daktari wa koo naye alikuwa amefika, yuko mlangoni na faili lake, tukamwambia arudi tu kazini.

Fomu ya maombi ilikuwa na mstari mmoja: sababu ya kutofika. Wakili akasema tuandike ugonjwa, mahakimu wanaukubali ugonjwa. Kipaza akatikisa kichwa. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kazini: Nilifika. Niliitika. Wakili akasema mzee, hiyo si sababu. Kipaza akaisukuma fomu kwa karani, akatoka nje.

Nilimkuta mwisho wa korido, dirishani. Korido ilikuwa imebaki tupu, chumba namba mbili kinafagiliwa. Alikuwa ameegemea ukuta anatazama pale mlangoni aliposimama miaka ishirini na mbili, kama anapima hatua. Akanivuta mkono ili niinamishe sikio.

"Yule mzee wa kiwanja," akanong'ona.

Nikasema ndiyo, namkumbuka.

"Alikuwepo."

Nilisimama naye pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha.